Kifua kimefifia kwa daktari, konsoli iko safi: kontrasti ya DR (eksirei ya kidijitali) tunaipimaje kila mwezi?

NuruYaMifupa

Salaam wakuu. Chumba chetu kina DR moja: jenereta ya kW 50, paneli ya CsI (fuwele zinazogeuza mionzi kuwa mwanga) isiyo na waya ya cm 43 × 43, piseli ya mikroni 143, na gridi (wavu wa kuzuia mionzi iliyotawanyika) ya 10:1 ya cm 180 kwenye stendi ya kifua. Tangu programu ya konsoli ibadilishwe toleo, madaktari wa OPD (kliniki ya wagonjwa wa nje) wanasema picha za kifua zimefifia: mapafu ni ya kijivu tupu, mishipa midogo imepotea, nyuma ya moyo hakuna kinachosomeka. Kwenye konsoli picha hizohizo ni safi. DI (inayoonyesha dozi ilivyokengeuka kutoka lengo) inacheza kati ya −1 na +2.

Ushauri tuliopewa ni kushusha kV (volteji ya mrija) ya kifua kutoka 117 hadi 85 "ili kontrasti irudi". Kabla hatujagusa chochote nauliza haya. Je, kV ndiyo ya kulaumiwa hapa? Na tukitaka kuipima kontrasti kila mwezi bila fantomu (kifaa cha majaribio badala ya mgonjwa) ya bei kubwa, tunaanzia wapi? Tulivyo navyo ni karatasi mbili za shaba za mm 0.5, vipande vya alumini vya mm 2, vyombo vya plastiki vya mraba, na kompyuta yenye ImageJ (programu ya kupimia picha). Kikomo cha kusema "hapa simamisha mashine" ni kipi?

PACS_na_Nyaya

Usiguse kV, mkuu. Jibu la swali la kwanza limo ndani ya maelezo yako: picha ni moja, skrini ni mbili, sura ni mbili. Mionzi imeshapita kwa mgonjwa na kuingia kwenye paneli mara moja tu. Ingekuwa kV, picha ingefifia kote kuwili.

Anza na picha ya majaribio ya TG18-QC, au SMPTE ya zamani kama ndiyo uliyo nayo. Itume kupitia PACS (mfumo wa kuhifadhi na kutuma picha), ifungue kwenye konsoli na kwenye skrini ya OPD. Tazama viraka viwili vidogo: cha asilimia 5 ndani ya mraba mweusi wa asilimia 0, na cha 95 ndani ya mraba mweupe wa 100. Kimoja kikikosekana OPD, skrini yenyewe inakula kontrasti, na hilo wengine hapa watalieleza vizuri kuliko mimi.

Vikionekana vyote, tatizo liko kwenye faili au kwenye programu ya kufungulia picha. Chukua faili moja la kifua la kabla ya toleo jipya na moja la baada yake, uyafungue kwa ImageJ, ubonyeze Ctrl+I usome tagi. Za kulinganisha ni hizi:

0028,1050 na 0028,1051: kitovu cha dirisha na upana wake.
0028,1056: umbo la mkunjo, LINEAR au SIGMOID.
0028,3010: jedwali kamili la kugeuza thamani za piseli kuwa kijivu (VOI LUT).
2050,0020: IDENTITY au INVERSE.
0008,0068: FOR PRESENTATION au FOR PROCESSING.

Kila kosa lina sura yake. Programu isiyoijua SIGMOID huisoma kama LINEAR. Katikati mwinuko ni uleule, kwa hiyo kijivu cha kati hakibadiliki, ila ncha mbili zinakatwa: pembeni mwa pafu panakuwa peusi kabisa na nyuma ya moyo panakuwa peupe kabisa. Hiyo ni picha kali, si picha iliyofifia. Yenu imefifia, na hiyo inanusa kitu kingine: konsoli mpya inatuma jedwali la 0028,3010 peke yake bila kitovu wala upana, na programu ya OPD haisomi jedwali. Ikikosa dirisha, inachukua piseli ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote na kutandaza kijivu kati yake, ikiwemo hewa iliyo nje ya mwili na kingo za kolimeta (kifaa kinachobana uwanja wa mionzi). Tuseme faili lina thamani 0 hadi 4095, na mapafu pamoja na kati ya kifua vinakaa kati ya 900 na 2700. Hizo ni thamani 1800 kati ya 4096, yaani asilimia 44. Katika ngazi 256 za kijivu, kifua kinapewa kama 112 na zilizobaki zinapotelea kwenye hewa na kingo.

Dawa ipo kwenye mipangilio ya konsoli, kwenye ukurasa wa kila kituo kinachotumiwa picha. Chagua ama itume kitovu na upana pamoja na jedwali, ama mkunjo upikwe kabisa ndani ya piseli. Ya pili inafanya kazi na programu yoyote, lakini kilichokatwa kwenye ncha daktari hawezi kukirudisha kwa kuvuta dirisha. Mimi ningeomba ya kwanza.

Jambo jingine: kama OPD wanafungua kwa kivinjari, angalia wasije wakawa wanaletewa JPEG ya biti 8. Bana dirisha hadi robo ya upana wake. Ukiona ngazi-ngazi kwenye kijivu badala ya mteremko laini, hiyo ndiyo.

MamaGridi

Niongezee kwenye kV, maana ushauri huo unazunguka sana na unatoka enzi za filamu. Kwenye filamu, kontrasti ya mgonjwa ilikwenda moja kwa moja kwenye karatasi, ukikosea kV umekosea picha. Kwenye DR, mwinuko wa kijivu unapangwa na programu baadaye. kV bado ina kazi, lakini kazi yake ni kupanga nini kinatofautiana na nini, na kwa dozi gani.

Kifua cha kusimama kinapigwa kwa kV kubwa kwa makusudi. Mwongozo wa Ulaya wa 1996 unaweka kV 125, umbali cm 180, gridi, na muda chini ya milisekunde 20. Kwa kV hiyo kalsiamu ya mbavu haiwi na nguvu sana, pafu linasomeka nyuma ya ubavu, na mionzi inapenya kati ya kifua. Ukishuka hadi 85 mbavu zinang'aa na eneo la moyo linabaki na mionzi kidogo.

Sasa pigia hesabu. Kanuni ya kawaida ya chumbani ni kwamba ukipunguza kV kwa asilimia 15 unazidisha mAs (mkondo wa mrija mara muda) mara mbili ili paneli ipate kilekile. Kutoka 117 hadi 85 ni hatua mbili kamili za asilimia 15, kwa hiyo mAs ni mara nne. Mgonjwa aliyepigwa mAs 2 kwa mA 200 alitumia milisekunde 10; sasa ni mAs 8, milisekunde 40. Moyo hausubiri milisekunde 40, na ngozi inapokea zaidi. Mishipa midogo ya jirani na moyo mnayoitafuta itapotea kwa mtikisiko.

kV 85 hadi 90 ina mahali pake: kifua cha kitandani bila gridi. Siyo kwenye stendi.

Na kabla hujatoka chumbani, kagua gridi yenyewe. Gridi ya cm 180 ikitumika kwa cm 100 hukata mionzi pembeni, picha inakuwa na weupe kingo zote mbili. Ikigeuzwa juu chini, ni mbaya zaidi, unabaki na mkanda mmoja tu katikati. Programu ya konsoli inajitahidi kusawazisha, hivyo hayo hayaonekani kama zamani. Yanaonekana kama chenga (kelele za picha) nyingi pembeni na kontrasti hafifu. Watu wanaita fundi wa paneli kumbe gridi imeingizwa kinyume baada ya usafi.

Fizikia_Tiba

Nakubaliana na waliotangulia. Nijibu swali la pili na la tatu.

Kanuni moja haina mjadala: kontrasti ya mashine inapimwa kwenye picha ghafi, ile ya FOR PROCESSING, kabla programu haijaipamba. Picha ya daktari imeshakuzwa kingo, imeshasawazishwa, imeshapewa mkunjo. Mrija ukipoteza kV 10, programu inaweza kuficha kila kitu isipokuwa chenga. Konsoli nyingi zina njia ya kutoa picha ghafi kwenye menyu ya huduma au kama "mtihani" unaoitwa wa kiufundi. Mwombe mtu wa huduma akufungulie. Ni haki ya mteja.

Vifaa ulivyo navyo vinatosha. Bandika shaba ya mm 0.5 pamoja na alumini ya mm 2 mbele ya kolimeta. Kwa kV 70 mchujo huo unakupa mwali wenye HVL (unene unaopunguza mwali kwa nusu) ya karibu mm 6.8 za alumini, uleule unaotumika kukalibreti EI (kielelezo cha dozi iliyofika kwenye paneli) kwa kanuni ya IEC 62494-1. Toa gridi. Paneli ilale mezani, umbali cm 150, kolimeta ifunike paneli yote. Juu ya paneli, katikati, weka kipande kingine cha alumini mm 2, cha cm 4 × 4 hivi. Panga mAs hadi EI iwe karibu 500, ambayo ni mikrogrei 5 kwenye paneli, kisha andika mAs hizo ukutani. Kila mwezi ni zilezile, si za AEC (kidhibiti dozi cha kiotomatiki).

Kwenye ImageJ chora mraba wa piseli 100 × 100 (mm 14) ndani ya kivuli cha alumini, usiguse ukingo. Kisha miraba miwili ya ukubwa huohuo nje ya kivuli, mmoja kila upande. Hapa wengi hukosea: miraba ya nje iwe kwenye mstari unaokata mhimili wa anodi na kathodi kwa pembe mraba. Ukiiweka upande wa anodi na upande wa kathodi, athari ya kisigino (mwali kuwa dhaifu upande wa anodi) inaingia ndani ya kipimo chako. Chukua wastani wa piseli kwa kila mraba na kiwango cha mtawanyiko, yaani SD, cha nje.

Kabla ya hesabu hakikisha unajua piseli zako ni za aina gani. Piga mara mbili, ya pili kwa mAs zilizozidishwa mara mbili. Thamani ikiwa mara mbili, ni ya mstari. Ikiongezeka kiasi kilekile kila unapozidisha mara mbili, ni ya logi, na hapo tofauti yenyewe ndiyo kontrasti, usigawanye tena kwa thamani ya nje.

Mfano wa paneli ya mstari: nje 2000, ndani 1640, SD 30. Kontrasti ni 360 kwa 2000, asilimia 18. CNR (uwiano wa kontrasti kwa chenga) ni 360 gawanya kwa 30, yaani 12. Ile 18 haikutoka hewani: HVL ikiwa mm 6.8, alumini ya mm 2 inapitisha nusu kwa kipeo cha 2/6.8, ambayo ni 0.816. Kwa hiyo paneli yoyote nzuri, mrija wowote mzima, utakupa karibu na asilimia 18. Ukipata 16, mwali wako ni mgumu kuliko unavyoambiwa, kama vile kV 80 iliyoandikwa 70, au kuna mchujo umesahaulika kwenye kolimeta. Mashine nyingi zina gurudumu la vichujio vya shaba ndani. Likikwama kwenye mm 0.1 au 0.2 linaweza kuonekana hapa.

Alumini iwe safi, asilimia 99 au zaidi. Kipande kilichokatwa kwenye sufuria kina mchanganyiko wa metali nyingine. Kinafaa kufuatilia mwezi hadi mwezi kama ni kipande kilekile, lakini usikitumie kuhukumu ile 18.

Kontrasti na CNR zinasema mambo tofauti, ndiyo maana unaandika zote mbili. Kontrasti inategemea mwali na mtawanyiko. Haijali sana dozi. CNR inaongeza chenga. Chenga za mionzi, zikilinganishwa na thamani ya piseli, hupungua kwa kipeuo cha pili cha dozi, kwa hiyo EI ikishuka mara nne, kutoka 500 hadi 125, CNR itoke 12 hadi 6. Ikianguka hadi 4, kuna kelele za umeme za paneli zinazotawala kwenye dozi ndogo. Upande wa pili, ukipandisha EI mara nne na CNR isifike hata mara moja na nusu, kuna mchoro wa kudumu kwenye paneli ambao dozi haiwezi kuusafisha, na hapo kalibresheni ya usawa (ramani inayosawazisha piseli) imechakaa. Fanya jaribio hili la dozi tatu mara moja kwa robo mwaka. La mwezi ni dozi moja.

Vikomo. Kwanza piga picha tano mfululizo siku mashine ikiwa imekaguliwa na iko sawa, uchukue wastani wake kuwa rejea. Kontrasti ikitoka nje ya asilimia 5 ya rejea (18 ikiwa chini ya 17.1 au juu ya 18.9) pima kV na HVL. Mita ya kV huna, lakini mkaguzi anayo. CNR naipa asilimia 20, baada ya kuigawa kwa kipeuo cha pili cha EI ili kuondoa tofauti ndogo za dozi. Hivyo ni vikomo vya kuchunguza. Kusimamisha wagonjwa ni pale unapothibitisha kV imetoka zaidi ya asilimia 10, au kasoro inayofanana na ugonjwa iko katikati ya picha.

IAEA mwaka 2021 ilitoa mwongozo wa upimaji wa namna hii, kwa fantomu rahisi ya mabamba na programu ya bure inayoitwa ATIA inayosoma picha yenyewe. Mkipata muda wa kuiweka, itawaondolea kazi ya kuchora miraba kwa mkono. Fantomu za kuhesabu vitundu, kama CDRAD yenye miraba 225 au Leeds TO20 yenye duara 144, waachieni ukaguzi wa mwaka. Zinategemea macho ya msomaji, na wasomaji wawili hawatoi jibu moja.

MamaGridi

Fizikia ametoa gridi, sawa kwa jaribio lake, lakini mgonjwa anapigwa na gridi. Ongezeni la maji, kila robo mwaka.

Vyombo vya mraba, maji yenye kina cha cm 20, uwanja cm 30 × 30, kV 80. Paneli iwe ndani ya trei yake chini ya meza, na meza itandikwe mfuko wa plastiki usio na tundu. Paneli isiyo na waya na maji havijuani. Juu ya maji, upande wa mrija, weka juu ya kipande cha plastiki chembamba kidonge cha metali ya risasi cha upana wa mm 5 hivi na unene wa mm 3. Chini ya risasi hakuna mwali wa moja kwa moja unaofika, kinachosomwa hapo ni mtawanyiko tu. Gawanya thamani ya chini ya risasi kwa thamani ya jirani yake. Bila gridi tegemea karibu robo tatu. Na gridi nzuri ya 10:1, theluthi hivi.

Maana yake kwa kontrasti: mtawanyiko ukiwa robo tatu, kontrasti iliyobaki ni robo ya ile ya asili. Ukiwa theluthi moja, inabaki theluthi mbili. Hakuna marekebisho ya kV yanayokaribia hapo. Ikiwa namba yenu na gridi ni nusu au zaidi, gridi imepinda, imeelekezwa vibaya, au si ya umbali huo.

Na wale wenye "gridi ya programu": inarudisha kontrasti machoni, haiondoi chenga ambazo mtawanyiko umeshaleta. Kwa kifua cha kitandani naikubali. Kwa nyonga ya mtu mnene, hapana.

NuruYaMifupa

Asanteni sana. Tumelinganisha mafaili mawili. La zamani lina 0028,1050 na 0028,1051 na LINEAR. Jipya halina kitovu wala upana, kuna 0028,3010 pekee, kama alivyosema PACS_na_Nyaya. Tumeomba konsoli itume vyote viwili na picha ya kwanza iliyokwenda OPD imefunguka vizuri zaidi.

Picha ghafi: ni ya mstari, kontrasti 17.8, CNR 11 kwa EI 480. Nadhani mrija hauna kesi.

Mawili yamebaki. Kwenye TG18-QC kiraka cha 5 hakionekani OPD hata kidogo, cha 95 kinaonekana. Pili, kwenye picha ghafi kuna kidoa cheusi kidogo upande wa juu kushoto, ukubwa wa punje ya mchele, kiko palepale hata paneli ikigeuzwa nyuzi 180. Kwa mgonjwa hatujakiona.

FundiPaneli

Kidoa: kimegeuka pamoja na paneli, au kimebaki palepale chumbani? Hilo ndilo swali. Kama kwenye picha kiko palepale ingawa umegeuza paneli, ni cha paneli au cha ramani ya kalibresheni. Kama kimehamia kona ya pili ya picha, ni cha kolimeta, shaba au meza.

Naelewa kwamba ni la kwanza. Na kwa kuwa ni cheusi, yaani paneli inadai hapo pamepata mionzi mingi, nashuku hivi: siku ya kalibresheni ya usawa kulikuwa na tone la dawa ya iodini au bariamu lililokauka kwenye kioo cha kolimeta. Mashine ikaliona eneo hilo limepungukiwa, ikaandika kwenye ramani "hapa ongeza". Tone likafutwa baadaye, ramani ikabaki, na sasa kila picha inaongezewa mahali pale. Kwa mgonjwa linamezwa na mbavu na ukuzaji wa kingo, mpaka siku lionekane ndani ya pafu kama tundu.

Kabla ya kurudia kalibresheni futa kioo cha kolimeta kwa kitambaa chenye maji kidogo, paneli nayo. Acha paneli iwake angalau nusu saa. Kelele ya giza inabadilika na joto, na ukikalibreti paneli baridi utakuwa umeiandikia ramani ya asubuhi. Toa gridi, weka mchujo ambao mtengenezaji anautaja (wengi ni alumini mm 21, wengine shaba), kagua bamba lenyewe halina mkwaruzo. Umbali uwe ule wa mwongozo wa mtengenezaji. Ukimaliza, piga picha tupu moja na uitazame kwa dirisha jembamba sana. Kama kidoa kimeisha, sawa. Kisipoisha, ni CsI yenyewe au rundo la piseli zilizokufa, na hapo omba ramani ya piseli mbovu isasishwe.

Baada ya kalibresheni rejea zako za CNR zinaanza upya. Kontrasti isibadilike, ikibadilika kuna kitu kingine kimeguswa.

Fizikia_Tiba

Skrini ya OPD sasa. Kiraka cha 5 kupotea huku cha 95 kikionekana ni dalili ya mambo mawili yanayoenda pamoja: mwanga wa chumba na mkunjo wa skrini.

Zima skrini, acha taa na pazia kama kawaida ya kliniki, kaa mahali anapokaa daktari. Ukiona koti lako jeupe au dirisha kwenye kioo, umeshapata nusu ya jibu. Hesabu yake ni hii. Skrini ya kusomea picha inatakiwa kuwa na mng'ao wa juu wa angalau cd/m² 350 na wa chini wa 1 hivi, uwiano wa 350. Mwanga wa dirisha ukirudishwa na kioo kwa cd/m² 4 tu, unaongezeka kote: 354 kwa 5. Uwiano umeanguka hadi 71. Weupe haujaguswa, ndiyo maana kiraka cha 95 kipo, lakini weusi wote umefunikwa. Nyuma ya moyo kuna nafuu kwa kuwa ni peupe. Kinachoumia ni mapafu.

Geuzeni skrini isitazamane na dirisha. Pazia. Taa ya juu yake izimwe wakati wa kusoma, chumba kiwe na lux 50 au chini. Hiyo ni bure.

Kisha mkunjo. Skrini ya ofisi inatoka kiwandani na gama 2.2, si GSDF (mkunjo sanifu wa kijivu) ya DICOM Sehemu ya 14, na kwenye weusi tofauti kati ya hizo mbili inaonekana. Ukiwa na kipima mng'ao, pima ngazi 18 za TG18-LN na ulinganishe: kwa skrini ya uchunguzi wa mwisho mkengeuko usizidi asilimia 10, kwa skrini ya kliniki asilimia 20. Huna kipima? Kwenye menyu ya skrini zima mwangaza wa kujirekebisha, zima hali ya usiku inayoleta njano, zima "sinema" na "rangi kali", rudisha kontrasti kwenye chaguo-msingi, halafu pandisha mwangaza hadi kiraka cha 5 kionekane kwa shida na mraba wa 0 ubaki mweusi. Kama ni kompyuta mpakato yenye skrini inayobadilika rangi ukiinamisha kifuniko, usipoteze muda nayo. Hiyo ni ya kusomea ripoti, si ya kusomea kifua.

TG18-QC kila mwezi, kila skrini, dakika moja, sahihi kwenye daftari lilelile la CNR. TAEC (wasimamizi wa mionzi Tanzania) wakija, au KNRA kwa ndugu zetu wa Kenya, wanapima kwa vifaa vyao siku hiyo. Miezi ya katikati inaelezwa na daftari lako.

NuruYaMifupa

Kidoa kilikuwa cha ramani. Kalibresheni imerudiwa, picha tupu ni safi. Dirisha la OPD limewekewa pazia, kiraka cha 5 kinaonekana kwa shida. Swali la mwisho: tunaletewa paneli ya pili, ndogo, cm 35 × 43, kwa ajili ya wodini. Rejea zitumike hizihizi?

FundiPaneli

Hapana. Kila paneli na rejea yake, andika namba ya paneli kwenye kila mstari wa daftari. Kontrasti zitakaribiana, CNR hazitakaribiana hata kama ni za mtengenezaji mmoja, na kama hiyo ndogo ni ya gadolini badala ya CsI utaona CNR yake iko chini kwa EI ileile bila ubovu wowote. Paneli ya wodini pia huanguka. Baada ya kila kuanguka, hata kama kasha halina alama, picha tupu kwanza, mgonjwa baadaye.